Waliwashangilia Wafungwa wa Kwenye Video, Mimi Nikiwa Nyuma ya Ukuta

Nina miaka ishirini na sita, ni mshona nguo hapa Kawajense, mjini Mpanda. Mlango wangu hauna kufuli. Jirani zangu hunitania kwamba siku moja nitaibiwa hata cherehani. Acha niibiwe! Mkishamaliza kusoma haya mtaelewa.

Kwetu ni Kasansa, kwa wakulima wa mpunga. Deusi alikuja msimu wa mavuno, juu ya lori, na televisheni, deki na jenereta. Alikodi ghala, akaziba madirisha kwa magunia, akaonyesha video mchana kutwa. Wanaume walijaa hadi mlangoni. Sisi wasichana tulifukuzwa.

"Hizi si za wanawake," Deusi alituambia huku akicheka.

Ajabu ni kwamba zilikuwa za wanawake pekee! Sinema za bei rahisi za wafungwa wa kike, nguo zimechanika, wanapigwa, wanapigana, mwishowe wanatoroka gerezani. Hakuna msichana wa Kasansa aliyewahi kuwaona.

Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya pili aliniuliza jina. Mavuno yaliyofuata tukafunga ndoa kanisani, nikapanda lori lile lile kuja Mpanda, nimekaa juu ya jenereta kama malkia. Nilidhani nimeokota dhahabu...

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa banda la video. Cha nyuma kilikuwa chetu. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, hivyo kila kilichosemwa kule kilidondoka kitandani kwangu.

Muda si mrefu alinunua kufuli. "Wateja wangu wahuni, mke wangu. Nakulinda." Nami nikafurahi! Nilijigamba kwa kila aliyeniuliza kwamba mume wangu ana wivu. Mwanzoni alifunga wakati wa video tu. Kisha video zikaanza asubuhi na kwisha jioni, na kufuli likafuata saa za video. Nikabaki na ndoo kwenye kona, kidirisha chenye nondo, joto la bati... na sauti.

Rafiki yake Sadoki ndiye aliyesimama kando ya televisheni akifasiri, maana watazamaji hawakuijua lugha ya sinema zile. Nadhani hata yeye aliijua nusu tu, nusu nyingine akaitunga.

"Sasa stelingi amechoka, jamani! Anachimba ukuta kwa kijiko! Askari jela huyo anakuja... anakuja..."

"Ziba shimo, dada!"

"We Sadoki, mwambie azibe!"

"Nimwambieje, ana masikio ya kioo huyu!"

Wakacheka wote. Kisha stelingi, yule mfungwa mkuu wa sinema, alipoanza kukimbia, banda lilipasuka: "Kimbia, dada! Kimbia!" Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya mume wangu. Ufunguo wangu uko mfukoni mwake, naye anawalilia wafungwa wa watu watoroke! Je, moyo wa binadamu umeumbwaje?

Stelingi akishavuka uzio wa seng'enge, Deusi alizima jenereta papo hapo. Mkanda ulikuwa bado unaendelea, lakini yeye aliona ni kupoteza mafuta. "Ametoka, imeisha! Tokeni, wengine waingie!" Ndivyo ilivyokuwa kila mara, na hakuna aliyelalamika.

Kisha nikapata ujauzito. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mwanamke. Mama ndiye anayempokea, bibi ndiye anayemwita jina. Tumbo lilipokua nikamwomba Deusi anipeleke Kasansa. Akakataa. Nikapiga magoti...

"Ukienda huko hurudi," alisema, akafunga.

Siku ile nilichukua kijiko.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi. Nilimwagia maji ukuta wa nyuma, chini kabisa, udongo ukalainika, nikakwangua. Jenereta likinguruma nilichimba, likizimwa niliacha. Shimo nililiziba kwa gunia la nguo. Yote hayo nilifundishwa na Sadoki bila yeye kujua.

Nilitoka Jumapili mchana, banda limejaa. Tumbo lilikwama, nikalia kimya kimya, nikajivuta. Niliposimama kwenye mahindi, nyuma yangu wanaume walikuwa wakipaza sauti, "Kimbia, dada! Kimbia!" Nami, mjinga mimi, nilikimbia kana kwamba wananiambia mimi...

Nilikimbilia wapi sasa? Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Katika gereza nililolijua mimi, lile la kwenye video, ukishavuka uzio mambo yamekwisha! Sikuwa na mtu mjini isipokuwa dada Skola, binti wa mama yangu mkubwa, aliyenisimamia kwenye ndoa. Nikaenda kwake.

Alinipa uji. Aliniosha miguu. "Pumzika, mdogo wangu. Umechafuka kama fuko." Nikalala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu niolewe.

Nilipoamka, Deusi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia magotini, mpole kama padri.

"Nimekuokolea ndoa," dada Skola alisema. Hakuthubutu kunitazama. "Mke wa kanisani hatoki kwa tundu. Mimi niliyekusimamia nitaificha wapi sura yangu?"

Jamani, damu yangu mwenyewe!

Ukuta ulijengwa upya kwa matofali ya kuchoma. Na Deusi hakunipiga. Alifanya kibaya zaidi: aliwasimulia wateja wake. Niliwasikia wakicheka, wale wale wa "kimbia, dada".

"Kumbe Deusi una gereza la kweli huko nyuma!"

"Mtie kwenye mkanda basi, tulipe kiingilio!"

Sadoki peke yake sikumsikia akicheka. Lakini kesho yake alikuja kufasiri kama kawaida.

Uchungu ulinishika katikati ya video. Nilibisha mlango. Niligonga ukuta. Nilipiga mayowe... Lakini saa ile ile kwenye video wanawake walikuwa wakichapwa, nao wanapiga mayowe! Banda likachanganya sauti yangu na zao.

"Leo sauti ni kali, Deusi! Umenunua spika mpya?"

Nilimwita mume wangu kwa jina. Nilimwita mama. Jenereta lilinguruma, wanaume wakashangilia, "Kimbia! Kimbia!" nami nipo sakafuni siwezi hata kutambaa.

Kisha stelingi akavuka uzio. Deusi akazima jenereta, kama kawaida yake.

Wafungwa wote wakanyamaza. Mimi nikaendelea.

Sijui walitazamana vipi mle gizani. Nilichosikia ni sauti ya Sadoki, na safari hii hakufasiri kitu: "Lete ufunguo! Deusi, lete ufunguo, mtu anakufa!" Nilisikia mlango ukivunjwa kwa benchi.

Walinibeba hadi hospitali. Nilipona mimi. Mwanangu, wa kiume, hakulia hata mara moja...

Mama alifika kutoka Kasansa akiwa na kanga ya kumpokelea mjukuu. Akamzika ndani ya kanga ile ile. Baba alipoanza kusema habari za ndoa na kanisa, mama alimkata: "Baba Yustina, huyu harudi. Ukitaka, nenda ukaolewe wewe!" Hakuwahi kumjibu hivyo maishani mwake, na baba hakurudia.

Dada Skola alikuja kuomba msamaha. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado uko njiani.

Siku moja, nikiwa tayari nashona hapa Kawajense, Sadoki alileta suruali kwangu nimpunguzie. Nikamuuliza jambo lililonikaa kooni miaka yote: wale wanawake, wakishavuka uzio, wanakwenda wapi?

Aliinamisha kichwa. "Hatukuwahi kufika huko, shemeji. Tulikuwa tunabana mafuta."

Dada zangu mnaosoma, siku ya kwanza mtu akikufungia, usiite mapenzi. Piga kelele siku hiyo hiyo, wakati jenereta halijawashwa! Na kabla ya kutoboa ukuta, ujue mlango utakaobisha, na aliye nyuma yake anampenda nani, wewe au sifa yake. Mimi sikujua, na mwanangu akalipa.

Nanyi kaka zangu mliojaa kwenye mabanda, mnawalilia wanawake wa kioo hadi sauti zinawakauka... zimeni kidogo. Sikilizeni upande wa pili wa ukuta.