Muulizeni Yeye

Nyumba ile ilikuwa na kelele za kazi tangu asubuhi. Nyuma, kwenye kibanda cha mabati, Fundi alikuwa akigongelea kitambaa kipya kwenye kochi kuukuu. Mama yake aliketi kwenye kigoda, aking'oa misumari ya zamani kwa koleo. Mbele, sebuleni, mke wa Fundi alikuwa akisuka nywele. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Siku hizi alisuka akiwa ameketi kitini, na mteja alikaa chini kwenye mkeka.

"Mtoto huyo atazaliwa anajua kusuka," mteja alisema.

"Afadhali! Baba yake hata kamba za viatu zinamshinda."

Wanawake wale wakacheka. Mama alisikia kicheko kile akatabasamu. Alimpenda mkwe wake kama mtoto wa kumzaa.

Nyundo ikanyamaza.

"Mama," Fundi aliita kwa sauti ya chini.

"Toa kwanza misumari mdomoni, usije ukaimeza."

Fundi akaitema kiganjani. "Mama, usingizi siupati. Mtoto wa kwanza, upasuaji. Wa pili, upasuaji, na damu ikamtoka mpaka nikaona dunia imeniinamia. Sasa ni mara ya tatu. Nataka niongee na mkunga. Wakishamtoa mtoto, wamfunge kizazi pale pale. Yaishe."

"Mwenzio umemwambia?"

"Nimwambie nini? Atalia. Atasema anataka wa nne. Akizinduka atakuta limekwisha, nami nitamweleza polepole."

Kitu kilimchoma Mama moyoni, lakini alikisukuma kando. Naye alikuwa na hofu. Alikumbuka mkwe wake alivyolala hospitalini mara ile, midomo imekuwa myeupe.

"Twende wote," akasema. "Nitakusaidia kusema."

Walimuaga mkwe kwamba wanakwenda kununua sponji ya kochi. Mama hakuupenda uongo ule. Njiani alimwomba Mungu msamaha, na papo hapo akamwomba safari ile ifanikiwe.

Chumba cha mkunga kilikuwa kidogo, kina kitanda, mizani na pazia. Mkunga alivua miwani akamsikiliza Fundi mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mkeo yuko wapi?"

"Nyumbani. Hajui kama tumekuja."

"Basi, baba, hilo siwezi kulipokea."

"Mimi ni mumewe!"

"Najua. Tena ni mume mwema. Wengine hawajui hata mlango wa kliniki uko upande gani. Lakini niambie, wewe ni fundi wa makochi. Utabadilisha kitambaa cha kochi la mtu bila kumuuliza?"

"Atanitoa roho!"

"Na hilo ni kochi tu."

Fundi akakuna kichwa. Mkunga hakumcheka. Alivuta kiti karibu.

"Sheria yetu iko wazi. Mtu mzima mwenye akili zake ndiye anayekubali au kukataa tiba ya mwili wake. Awe mwanamume, awe mwanamke, awe na ndoa au asiwe nayo. Wewe unamshauri. Mama anamshauri. Mimi na daktari tunamshauri pia. Jibu analitoa yeye. Tena aelezwe mapema, akiwa ametulia, si wakati uchungu umembana. Na hata akikubali leo, kesho anaweza kubadili mawazo."

"Na akizimia, damu inamwagika?"

"Hapo daktari ataokoa maisha yake kwanza. Hiyo ni dharura. Hili lenu si dharura. Mna muda wa kutosha wa kuzungumza."

"Lakini akikataa, si atakufa?"

"Mimba nyingine baada ya upasuaji mara tatu ina hatari, na nitamwambia bila kumficha. Lakini kufunga kizazi si njia pekee. Kuna kipandikizi kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kuna kitanzi kinachowekwa ndani ya kizazi. Kuna sindano. Hata wewe baba unaweza kufungwa, na kwa mwanamume kazi yake ni ndogo zaidi."

"Mimi?" Fundi akashtuka, akabana miguu.

"Umeona? Wewe nimekutajia tu, umeruka. Naye je?"

Fundi akamgeukia mama yake. "Mama, nisaidie basi. Sema."

Mama akafungua mdomo. Maneno aliyoyaandaa njiani hayakuja. Yakaja mengine.

"Mimi nilifungwa," akasema.

Fundi akamkodolea macho.

"Ni siku uliyozaliwa wewe, mwanangu. Nilipasuliwa. Baba yako na daktari walizungumza koridoni, wakakubaliana. Mimi sikuambiwa. Nilitaka sana binti. Miaka yote ile nilikuwa nikifunga na kusali. Nikajiuliza nimemkosea nini Mungu. Majirani wakasema nimekauka. Baba yako alikuwa akinisikia nikisali usiku, naye amenyamaza."

"Alikwambia lini?" Fundi aliuliza.

"Alipokuwa anaumwa, karibu na kututoka. Alilia sana. Aliniambia, 'Niliogopa kukupoteza.' Nilimsamehe pale pale. Alinipenda, hilo silikatai. Alikuwa na hofu kama yako." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Na mimi leo nimekuja hapa kumtendea mke wako vile vile. Hata sponji nimesingizia."

Mkunga akaushika mkono wake. "Pole, mama. Na asante. Mleteni mwenyewe."

Walirudi mikono mitupu. Mkwe alikuwa akifagia nywele zilizoanguka sakafuni.

"Sponji iko wapi?" akauliza.

Fundi akatazama miguu yake. Mama akapiga moyo konde.

"Hakuna sponji, mwanangu. Tumekudanganya. Kaa nikueleze."

Akamweleza yote, la Fundi, lake mwenyewe na la marehemu. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaka.

"Yaani mlikaa huko kibandani mkanipima kwa futi kama kochi la mteja! Wewe baba watoto, na midomo yako hiyo ya misumari!"

"Nisamehe, mke wangu. Niliogopa."

"Mnadhani mimi siogopi? Mimi ndiye ninayepasuliwa! Kila usiku namhisi mtoto akicheza, najiuliza kama nitamwona. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize. Hakuna aliyeuliza."

Ndipo akalia. Mama akamkumbatia, tumbo lile kubwa likiwa katikati yao. Fundi aliuokota ufagio akasimama nao, hajui auweke wapi. Mwishowe akafagia.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki wote watatu. Mkunga aliwaomba Fundi na Mama wangoje nje kwanza. Fundi alitembea koridoni mpaka mfagiaji akamwambia anamchafulia. Mlango ulipofunguliwa, mkwe ndiye aliyewaita.

"Nimeelezwa vizuri," akasema. "Hatari nimeijua. Nataka kupumzika kuzaa, nilee niliojaliwa. Lakini kufunga moja kwa moja, bado. Nitawekewa kipandikizi baada ya kujifungua. Siku nikiwa tayari kwa hilo lingine, nitasema mwenyewe."

Halikuwa jibu alilolitaka Fundi.

"Sawa," akasema. "Nitakuwa nawe."

Siku ya upasuaji ilifika. Mlango wa chumba ukiwa bado wazi, Mama alimsikia daktari akimuuliza mkwe wake tena uamuzi wake, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Akamsikia mkwe akijibu vile vile. Mama akaketi kwenye benchi akaanza kushukuru. Alimshukuru Mungu kwa mkunga yule, kwa daktari, na kwa wale walioiandika sheria ile, watu asiowajua hata sura. Hakuwa amemaliza kuwataja wote mtoto alipolia.

Alikuwa wa kiume, mwenye sauti nene. Damu haikumtoka mkwe kwa wingi kama mara iliyopita. Kabla ya kuruhusiwa kutoka aliwekewa kipandikizi chake, na baada ya wiki kadhaa alianza tena kusuka, kidogo kidogo. Wateja walikuta ana rangi nzuri na maneno mengi. Kila aliyeuliza kuhusu uzazi alimwambia, "Nenda kwa mkunga, ukaulizwe."

Jioni moja Fundi na Mama walikuwa peke yao kibandani. Fundi alikuwa akishona ukingo wa mto kwa sindano ndefu. Akaiacha sindano ndani ya kitambaa.

"Mama. Kama wangekuuliza siku ile, ungejibu nini?"

Mama aliweka koleo chini. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza neno hilo.

"Labda ningekubali," akasema. "Hali yangu ilikuwa mbaya. Labda ningekubali, mwanangu. Lakini ningelia siku ile ile, nikamaliza."

Fundi aliinamisha kichwa. Mama akamgusa begani.

"Mungu akubariki kwa kuniuliza," akasema.

Kisha akalia, wala hakuficha uso.