Kizuizi cha Ndoa ni Bibi Harusi

"Boke, hongera. Ila mbona mimi umenificha?"

"Nimekuficha nini?"

"Tangazo lenu limesomwa leo misa ya kwanza. Ndoa tarehe ishirini na tano mwezi huu."

Boke alikuwa juu ya ngazi, simu ameibana kwa bega, mikono imejaa grisi, injini ya ndege ndogo iko wazi mbele yake. Alikuwa Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, mwaka wa tatu wa digrii ya uhandisi wa ndege. Aliyempigia ni Happyness, rafiki yake wa kwaya kule kwao Butiama.

"Happy, mimi na Chrispin tulipanga mwakani, nikimaliza chuo."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Chrispin kakaa benchi la mbele, anatabasamu. Mama yako kapigiwa vigelegele."

Boke alitaka kushuka aondoke hapo hapo. Fundi Mwandu, msimamizi wake, akamzuia.

"Wewe binti wa Mara, hapa hatutokagi kama spana moja haijulikani ilipo. Hesabu kwanza."

Akahesabu, akakosea, akarudia. Ndipo akamwandikia Chrispin: "Nani amebadilisha tarehe?"

Jibu likaja: "Nilitaka iwe sapraizi, mpenzi. Mwaka wa nne utaahirisha, utausoma baadaye."

Lile neno "utaahirisha" alilirudia kichwani wiki nzima. Jumamosi alfajiri akapanda basi.

Chrispin, mwalimu wa sekondari, alimpokea stendi ya Bunda, karibu na anapopanga, mtaa wa Manyamanyama.

"Karibu, mke wangu."

"Padri ulimwambia nini?"

"Kwamba tumekubaliana."

"Mimi nilikubaliana na nani?"

Chrispin akatazama viatu vyake.

"Boke, walimu wenzangu wananicheka. Wanasema namtunzia rubani mke. Wanasema wewe ukishamaliza, hurudi."

"Ndiyo ukaamua kunifunga mguu?"

"Nilijua ukiolewa utatulia."

"Mimi ni kuku?"

"Nakupenda, Boke."

"Najua. Ndiyo maana nimeanzia kwako. Sasa naenda kwa Padri. Si wanatangaza mwenye kujua kizuizi cha ndoa aripoti? Mimi nakijua."

Akapanda bodaboda, akamwacha hapo.

Padri Keraryo alikuwa ofisini, Butiama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Bibi harusi mwenyewe huyu."

"Nimeleta kizuizi cha ndoa."

Padri akavua miwani.

"Ndoa ya nani?"

"Ya Chrispin na Boke."

"Chrispin ana mke mwingine?"

"Hana, Baba. Bibi harusi hajakubali."

"Krismasi nilikuhoji kwenye kiti hicho hicho. Ulisema unampenda."

"Nampenda mpaka leo. Lakini Krismasi uliniuliza mimi. Hii tarehe mpya umemuuliza yeye peke yake."

Padri akaweka kidole juu ya daftari la ndoa.

"Hapo nimekosea, binti yangu. 'Ndiyo' ya mtu haibebwi na mwingine. Kesho nitasema tangazo limefutwa."

"Usiseme wewe, Baba."

Chrispin alikuwa mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Uongo niliuleta mimi. Nitausema mimi."

Usiku ule mama yake Boke, Mama Wegesa, hakumpa usingizi.

"Vitenge vya akina mama viko kwa fundi. Unataka nipite wapi mimi?"

"Mama, nimebakiza mwaka mmoja."

"Na huyo mwanaume akiondoka?"

Boke akatoa rozari yake. Alisali, akapotea katikati, akaanza upya.

Jumapili, wakati wa matangazo, Chrispin akasimama mbele. Karatasi aliyoiandika akaikunja.

"Jumapili iliyopita mlisikia ndoa yangu. Boke hakuulizwa. Nilimdanganya Padri, nikamdanganya na mama yake, kwamba Boke amekubali. Niliogopa akiendelea kusoma hatanirudia. Ndoa haipo mpaka aseme mwenyewe."

Nyuma kabisa bibi mmoja akasema, "Pole, baba," na watu wakacheka, wakashindwa kujizuia.

Nje, Mama Wegesa alimshika Boke mkono.

"Vitenge vitakaa kabatini. Nenda kasome."

"Jana ulisema nini, mama?"

"Jana sikujua na mimi nimedanganywa."

Chrispin alimsindikiza barabara kuu kusubiri basi la kutoka Musoma.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Kuolewa ni habari nyingine."

"Ukimaliza utarudi huku?"

"Sijui. Nitaenda ndege zilipo."

"Sasa mimi je?"

"Shule ziko kila mahali, Mwalimu."

Chrispin akamgeukia.

"Hilo sijawahi kulifikiria."

"Lifikirie. Una mwaka mzima."

Basi likasimama. Boke akakaa dirishani. Chrispin alizunguka hapo chini kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akagonga kioo.

"Hivi mwaka wa nne mnasomaga nini?"

Boke alimtazama. Miaka mitatu ya chuo, hilo ndilo swali lake la kwanza kuhusu masomo ya ndege. Akasukuma kioo.

"Kuna mradi wa mwisho. Mimi nataka kuchunguza bawa linavyochoka. Likipinda mara nyingi, hata kama huoni ufa..."

Basi likaanza kuondoka hajafika hata nusu. Chrispin akatembea nalo sambamba, kisha akakimbia, kichwa juu, anasikiliza.