Mechi Iliyochelewa Kufika Bwiza

Ijumaa, saa nane mchana, Mwanasiti alirudi kutoka msikitini, akafungua ukumbi wake wa biliadi pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, na kabla hata hajavua viatu akajua kwamba ameibiwa. Taa ndogo nyekundu iliyozoea kuwaka nyuma ya televisheni haikuwaka. Alivuta kiti, akapanda, akapapasa rafu. Kisanduku cheusi, kile kidogo kama kipande cha sabuni kinachovuta picha kutoka kwenye intaneti, hakikuwepo.

Vingine vyote vilikuwepo. Televisheni yenyewe ilikuwa ukutani, soda zilikuwa kwenye friji, fimbo za kuchezea zilikuwa zimejipanga. Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayeacha televisheni na soda baridi akachukua kidude ambacho hata jina lake hakuna anayelijua?

Wizi wenyewe ungekuwa mdogo kama isingekuwa siku yenyewe. Saa tisa, huko Uingereza, Hamimu alikuwa anacheza raundi ya mwisho ya mchujo. Hamimu ni mtoto wa Bwiza. Snuka, ile biliadi ya meza kubwa, alijifunza kwenye meza ya kijani ya ukumbi huohuo, enzi alipokuwa anasimama juu ya kreti ya soda ili aifikie mipira. Raundi mbili alikwisha pita. Akipita na hii anaingia mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa. Asipopita anarudi nyumbani na begi lake. Asubuhi alikuwa ametuma sauti kwa simu akiomba jambo moja tu: Mzee Massoudi, mwalimu wake, awekewe kiti cha mbele kabisa, maana leo anataka kucheza akijua kwamba mzee anamwona.

Kiti kilikuwa tayari, na mto juu yake. Ombi hilo liliwachekesha watu kidogo. Raundi ya kwanza mzee alikuwa kwenye matanga, hakuja, na Hamimu akashinda kwa raha. Raundi ya pili aliingia baada ya swala ya Magharibi, na hapohapo Hamimu akapoteza fremu moja, yaani duru moja ya mechi, kisha nyingine. Utani ukaanza. "Muzee una nuksi," walimwambia, "toka nje utuachie mutoto." Mzee akacheka nao, akatoka, akanywa chai uani, na Hamimu akafufuka akashinda. Tangu siku hiyo kila aliyekutana naye njiani alimkumbusha macho yake ya nuksi. Bwiza ikishapata utani haiuachi upoe.

Mwanasiti hakwenda polisi. Alimpigia simu Sylvère, ambaye alikuwa komiseri wa polisi kabla ya kustaafu, na ambaye watu bado wanamwita Komiseri kwa sababu yeye mwenyewe anapenda. Mchujo yeye huufuata kuliko anavyofuata fainali. Fainali ni harusi, husema. Mchujo ndio uchumba, humo ndimo unamjua mtu. Alifika akihema.

Alianza na mlango. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo hutundikwa kwenye msumari dukani kwa Esperance, muuza vitenge wa jirani, na kila mtu wa ukumbi anaujua msumari huo. Esperance alisema mchana huo duka lilijaa watu wa harusi, kila mmoja akitaka kitenge cha mwenzake. Ufunguo aliuona upo, halafu haupo, halafu upo tena. Aliyeuchukua hakumwona.

"Basi mwizi ni mutu wa nyumbani," alisema Sylvère.

Kisha akaitazama meza. Rafu ya kisanduku iko juu ya kichwa cha meza, upande unakowekwa mpira mweusi, na ukuta pale umechoka. Mwizi alipovuta kisanduku, chokaa ilimwagika. Vumbi jeupe lilikuwa sakafuni na kwenye ukingo wa mbao. Lakini kitambaa cha kijani kilikuwa safi. Sylvère aliinama mpaka shavu likakaribia meza, akapitisha kiganja. Manyoya ya kitambaa yalikuwa yamelala yote upande mmoja, kutoka mwisho wa kuanzia mchezo hadi kwa mweusi, bila hata mstari mmoja kurudi nyuma, kama afanyavyo anayeijua kazi.

"Umepiga brashi leo?"

"Apana. Leo nilikuwa na haraka ya kwenda kuswali."

"Mwizi ndiye alipiga."

Mwanasiti alimtazama kana kwamba jua limempiga. Sylvère aliinuka taratibu. Alikuwa ameridhika, kama mtu aliyepata kiti kivulini.

Ilipokaribia saa tisa ukumbi ulikuwa umefurika, na umati haukuwa na haja ya upelelezi. Umati ulikuwa na Loïc. Loïc ndiye fundi wa mitambo, kisanduku ni chake, na wiki iliyopita alikuwa amegombana na Mwanasiti akasema atakipeleka ukumbi mwingine. Tena alikuwa na tabia ya ajabu: raundi ya pili alionekana anatabasamu kabla mpira haujaingia. Mtu wa hivyo ana mambo yake. Watu wawili walikuwa tayari wamesimama mlangoni asije akakimbia, na mmoja alishasema kwa sauti kwamba kijana huyu asikanyage tena hapa. Loïc alikuwa amekauka midomo.

Sylvère alimketisha kwenye benchi, mbele ya watu wote.

"Kisanduku ni cha nani?"

"Ni cha kwangu, Komiseri. Sasa mi niibe kitu yangu juu ya nini? Nikitaka kukitoa, ninakitoa watu wote wanaona."

"Raundi ya pili ulikuwa unacheka mbele ya mpira kuingia. Ulijuaje?"

Loïc aliinamisha kichwa. Alieleza polepole, kwa aibu ya mtu anayefunua siri ya jikoni.

"Connexion ya intaneti hapa ni mbaya. Picha ikikuja directement, inakatika-katika. Basi ninaiacha ichelewe, nusu saa hivi, ndiyo inakuja safi. Lakini kwenye simu yangu matokeo yanafika palepale. Mi nilikuwa najua mbele yenu. Sikusema, niliogopa mutanikataza simu."

Ukumbi ulinung'unika. Kumbe nabii wao alikuwa na simu tu. Sylvère alimpa brashi ya meza, akamwomba asafishe kona moja. Loïc akasugua mbele na nyuma, kushoto na kulia, kama anayefagia uwanja wa kuku, hadi Mwanasiti akamnyang'anya brashi kwa mikono miwili. Sylvère akawaambia walio mlangoni wakae chini. Si huyu.

Jicho la watu likahamia kwa Shakuru. Huyu ni makanika mwenye gereji mtaa wa Jabe, mchezaji mzuri, na ndiye aliyefungwa na Hamimu siku ukumbi ulipochagua nani apelekwe kwenye mchujo. Kazi ya brashi anaijua, alifundishwa na Mzee Massoudi mwenyewe. Alikuwa amefika muda uleule akiwa na oveloli.

"Mi Hamimu namuchukia kwenye meza tu," alisema. "Akishinda, nitaambia watu nilicheza na bingwa. Akishindwa, nitaambia watu nini?"

Sylvère alimwomba aonyeshe mikono. Ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Vijana wa gereji aliokuja nao walisema tangu asubuhi yuko chini ya minibasi, hata chakula alikula kwa kulishwa. Mpini wa brashi ulikuwa wa mbao nyeupe, hauna doa. Shakuru akapata soda ya bure kwa kusumbuliwa.

Hapo Sylvère akaigeukia meza tena. Kwenye snuka, mjinga hutazama mpira unaoingia. Anayejua hutazama ule mweupe unaopigwa kwa fimbo utasimama wapi baadaye. Kisanduku kimeondoka, sawa. Nani amebaki pazuri? Watu wote walikuwa wanahuzunika. Isipokuwa mmoja, aliyefika wa mwisho bila haraka, koti zito limefungwa vifungo vyote juu ya kanzu kwenye joto lile la Bujumbura. Alipoambiwa picha haitakuwepo alisema ni mapenzi ya Mungu, tutasikia matokeo. Kiti chenye mto alikipita, akasimama karibu na mlango.

Sylvère aliichukua brashi, akampelekea kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

"Muzee Massoudi, vijana wamesahau. Tuonyeshe we namna ya kulaza kitambaa."

Mzee aliipokea. Aliishika vile inavyoshikwa, akaenda mwisho wa kuanzia, akaiweka juu ya kijani. Mkono haukusogea. Aliitazama meza aliyoisafisha saa mbili zilizopita, akawatazama wale waliotaka kumfukuza Loïc, akamtazama Loïc.

"Acha, Komiseri. Ni mimi."

Alifungua koti. Kisanduku kilikuwa kwenye mfuko wa ndani, kimefungwa kwa leso safi.

"Ulipoona chokaa imemwagika ungekimbia tu," Sylvère alimwambia.

"Niache meza na vumbi?" Mzee alishangaa kweli.

Mwanasiti alikuwa na machozi ya hasira. Alimuuliza: mtu wa msikiti kama yeye, anaamini nuksi tangu lini?

"Siamini," mzee alijibu. "Siku zote siamini. Lakini ni mutoto yangu. Nikikaa nyumbani, atauliza juu ya nini sikukuja. Nikikaa kwenye kiti, labda ninamuharibia. Nikasema, kama hakuna picha, basi hakuna kosa ya mutu. Ningekirudisha jioni." Akamgeukia Loïc. "Mwanangu, sikufikiri watasema ni we. Unisamehe."

Loïc alimsamehe haraka sana, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inawasha kuunganisha nyaya. Waliobaki walitazama sakafu. Kila mmoja alikuwa anakumbuka siku aliyomtania mzee, na aliyesema zaidi alikuwa anakumbuka zaidi. Utani ni mtamu mpaka umkute anayeusadiki. Mwanasiti alitoa hukumu: mzee atakaa kwenye kiti. Mzee akasema hapana, yeye anakwenda uani kwenye chai yake.

"Ngoja," alisema Sylvère. "Kesi moja imekwisha. Iko ya pili, na hii mushtakiwa ni macho yako."

Alimwomba Loïc simu. Siku ya raundi ya pili Loïc alikuwa anamtumia dada yake Elsa, kule Kinama, kila matokeo yanapofika. Sylvère alizitafuta jumbe za jioni ile, akamsogezea mzee.

"Fremu ile ya kwanza kupotea, uliiona ikipotea ulipoingia?"

"Niliiona na macho yangu."

"Soma hapa. Loïc amemuandikia Elsa kwamba imepotea. Soma na saa. Ni mbele ya adhana ya Magharibi, hujaingia hata msikitini."

Mzee aliiweka simu mbali, akaileta karibu, akaiweka mbali tena.

"Na hii ya pili?"

"Ni wakati wa swala. Ulikuwa bado kwenye mkeka, muzee, umeinamisha kichwa. Ulipofungua ule mlango fremu zote mbili zilikuwa zimekwisha potea Uingereza. Kilichokuwa hapa ni picha iliyochelewa. Macho yako hayajamufunga mutu."

Mzee Massoudi alimrudishia Loïc simu. Alikwenda polepole hadi kwenye kiti, akauondoa mto, akauweka mapajani, akaketi.

Picha ilipokuja mechi ilikuwa imekwenda mbali. Hamimu alikuwa nyuma, akasawazisha, akaachwa, akasawazisha tena, na ukumbi mzima ukazeeka pamoja naye. Mzee alivumilia. Lakini ilipofika fremu ya mwisho, na mezani ukabaki mpira mweusi peke yake, mwenye kuuingiza ndiye mshindi, aliinuka. Alimnong'oneza Sylvère kwamba mambo ya saa ameyaelewa, moyo ndio haujaelewa.

Sylvère alimnyooshea Loïc mkono. Loïc, aliyekuwa ameuma midomo na kuangalia dari kwa muda sasa, akampa simu. Sylvère alitazama, akaifunika, kisha akamwonyesha mzee peke yake. Mzee alisoma. Akasoma tena. Akafuta uso kwa ile leso iliyofungiwa kisanduku, na akaketi.

"Sasa tazama," Sylvère alimwambia. "Mweusi imekwisha ingia. Huwezi tena kufanya kitu, mabaya wala mema."

Kwenye kioo Hamimu aliinama, akapiga. Mweusi ulianza kwenda kuelekea tundu la kona, polepole mno, ukumbi mzima ukiwa umeziba pumzi. Mzee Massoudi, aliyejua kwamba mpira huo umeshaanguka kitambo, aliushika mkono wa Komiseri, akakaza macho, akaegemea kushoto kwa mwili wake wote ili ausaidie kuingia.