Wageni wa Mama Ambakisye

Karanga ilikuwa moja tu, imekaangwa na kuwekwa katikati ya sahani nyeupe. Mwalimu Gwakisa aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka aliyeambiwa kuwa amekufa. Tangu utotoni, harufu tu ya karanga ilitosha kumfunga koo.

"Kula, baba watoto," mkewe akamhimiza. "Tangu unioe sijapika kisamvu cha karanga ndani ya nyumba yangu. Leo nataka kujua kama mateso yamekwisha."

Mwalimu akaitia mdomoni, akatafuna polepole. Midomo haikuvimba, koo halikuziba. Akameza, akakaa akifikiri, kisha akasema, "Kumbe ladha yenyewe ndiyo hii? Mbona mlikuwa mnaisifia sana?"

Wakacheka wote. Mkewe alicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nyuma yao, mashine iliyomponya ilikuwa ikijisafisha. Iliitwa Mpatanishi. Kwa macho ilikuwa kitanda tu, chenye upinde wa chuma juu yake na mrija mwembamba wa kuingia mkononi. Kazi yenyewe ilifanywa na wasioonekana: watarishi, mashine ndogo kuliko seli ya damu, walioingia mwilini kwa mamilioni wakazitafuta seli za kinga na kuzisoma kumbukumbu. Dk. Tusekile Mwaipaja, aliyeibuni, alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wagonjwa. Mzio, alisema, ni kosa la kumbukumbu. Seli za kinga ni walinzi wa nyumba. Siku moja walinzi wanamwona jirani aliyekuja kuomba chumvi, wanamdhania mwizi, na tangu siku hiyo kila akipita wako tayari kuichoma nyumba nzima ili kumtoa. Watarishi waliifuta kumbukumbu ile mbaya, kisha wakawaonyesha walinzi upya ni nani mwenyeji wa mwili na ni nani si mwenyeji.

Kutoka dirishani pa kliniki, vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma vilipita juu ya mabonde ya Mbeya vikielekea Loleza, vimejaa watu waliotoka kazini. Wengi wao hawakujua kwamba chini yao kulikuwa na mwanamke aliyetumia maisha yake yote kumfuata nyuki mmoja.

Nyuki huyo alimchoma mama yake shingoni, Tusekile akiwa na miaka tisa, huko nyumbani Tukuyu. Mama alikuwa akipalilia migombani, pembeni ya kaburi dogo. Baba alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na Tusekile akakimbia nyuma yao akiutazama uso uliovimba hadi haukuwa tena uso wa mama. Mama alipona, lakini mtoto akabaki na swali. Inakuwaje kitu kidogo vile kimwangushe mtu mzima? Aliwauliza walimu wake. Kila aliyemjibu alimwongezea swali jingine, na maswali hayo yakamfikisha chuo kikuu, kisha katika maabara za panya, ambako makala zake zilirudishwa na wafadhili wakachoka kabla yake. Mpatanishi ilipokuwa tayari, mtu wa kwanza kulala juu ya kitanda kile alikuwa Tusekile mwenyewe, aliyekuwa na mzio mdogo wa manyoya ya paka. Hakutaka kumweka mtoto wa mwenzake mahali ambapo yeye hajalala.

Alasiri ile, baada ya Mwalimu Gwakisa, ilikuwa zamu ya mama yake.

Mwaka uliopita nyuki walimchoma tena, na safari hii moyo ukasimama. Uliporudi kupiga, madaktari walimkataza kuishi Tukuyu, kwa kuwa mashamba ya parachichi yalikuwa yameizunguka nyumba yake na kila shamba lilikuwa na mizinga. Akahamia kwa binti yake, ghorofa ya tisa, nyumba yenye madirisha yasiyofunguka na hewa iliyopita kwenye vichujio. Hakulalamika, ila kila asubuhi alisimama kwenye kioo cha dirisha akitazama upande wa Rungwe, kuliko nyumbani kwake. Kibali cha kutibu wazee wenye moyo dhaifu kwa Mpatanishi kilipotoka, alifunga mfuko wake wa safari siku hiyohiyo.

Aliingia nao kliniki, akauweka miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, Mama Ambakisye," alisema Lwitiko, fundi wa mashine, mwanamume mwenye mvi aliyefanya kazi na Tusekile tangu enzi za panya.

"Marahaba, baba. Hiki ndicho kitanda chenyewe? Mbona kama kichanja cha kuanikia kakao?"

"Hapa tunaanika wazee, mama."

"Basi msinisahau juani. Kesho naenda nyumbani."

Watu wote walimwita Mama Ambakisye. Mtoto waliyemfahamu ni Tusekile, lakini mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Ambakisye ndiye aliyetangulia. Aliishi miezi minane, homa ikamchukua, akazikwa migombani. Jina likabaki kwa mama. Wasiojua walipouliza huyo Ambakisye yuko wapi siku hizi, mama alijibu, "Yupo," na kuendelea na kazi yake. Tusekile alikua akilisikia jibu hilo na hakuwahi kulizoea. Hata siku alipopata udaktari, majirani walipiga vigelegele wakisema hongera, Mama Ambakisye. Yeye akasimama pale na joho lake, akajihisi kama mpangaji katika nyumba ya mtu mwingine.

Mpatanishi ilikuwa na namna mbili za kufanya kazi. Kwa kawaida ilifanya yote yenyewe. Namna ya pili ilitumika zamani, wakati wa majaribio: mashine iliuliza kabla ya kila hatua. Ilichosha, ikaachwa. Tusekile akaiwasha.

"Ya kuuliza?" Lwitiko akashangaa. "Dokta, tutazeekea hapa."

"Ni mama yangu, Lwitiko."

Mrija ukaingia mkononi. Sauti ya mashine, ya upole kama ya mhudumu wa hoteli, ikaanza. Nimefika kwenye ini, nisome? Soma. Nimefika kwenye mapafu, nisome? Soma. Mama alisikiliza macho yakiwa wazi, akiitikia kwa kichwa kila swali, kama anayeridhika na adabu za mgeni.

"Nimefika kwenye moyo," ikasema mashine. "Pana kovu. Ndani ya kovu pana seli ngeni, hai. Jinsia ya kiume. Nusu ya vinasaba ni ya mwenyeji. Niziondoe?"

"Mgeni gani huyo?" mama akauliza.

"Si kitu, mama," alisema Lwitiko. "Ni mabaki tu. Kwa akina mama hayakosi. Siku nyingine huwa inayafagia yenyewe wala hatusikii."

Mkono wa Tusekile ulikuwa umeshanyooshwa kwenda kwenye kitufe. Ukasimama hewani.

Alilijua jambo hili. Alilisoma akiwa mwanafunzi: mtoto akiwa tumboni, seli zake chache huvuka na kuingia kwa mama, na huweza kubaki humo miaka na miaka. Alilijua kama mtu anavyojua urefu wa mlima ambao hajawahi kuupanda. Katika majaribio ya panya, seli hizo zilimchafulia matokeo, maana walinzi hawafundishiki vizuri kama nyumbani mna asiye mwenyeji. Akaiandikia mashine amri moja fupi: kisicho cha mwenyeji, kiondolewe. Katika taarifa aliyaita mabaki, na hakuna aliyemuuliza mabaki ya nani.

"Niziondoe?" ikarudia mashine.

"Subiri," alisema Tusekile. Akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mama yake. "Mama. Ni Ambakisye."

Akamweleza taratibu, bila maneno ya kitabuni. Kwamba mtoto hatoki mzima mzima siku ya kuzaliwa. Kwamba baadhi ya seli zake ziliingia mwilini mwa mama, zikakaa, zikazaana, na walinzi wakaziacha. Kwamba moyo ulipoumia mwaka jana, zilikwenda pale palipoumia na kujipanga kwenye kovu.

Mama akauweka mkono kifuani, kwa uangalifu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

"Si nilikuwa nawaambia yupo," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Nijue wapi, mwanangu? Nilikuwa nasema tu. Ningejibu nini kingine?"

Mashine ilikuwa haijamaliza. "Pana seli nyingine ngeni," ikasema. "Jinsia ya kike. Niziondoe?"

"Na huyu ni nani tena?" mama akauliza.

Lwitiko akamtazama Tusekile, akainamisha kichwa.

"Huyo ni mimi, mama."

Mama akacheka, kicheko kidogo cha kushtukizwa. "Na wewe ulijipenyeza! Haya, mwambieni asimguse mtu." Kisha akageuka ubavu, macho yamewaka. "Hebu niambie. Kama mtoto huacha chembe zake kwangu, na mimi je, sikuacha zangu kwako?"

"Uliacha. Na za Ambakisye zaweza kuwa zilipita kwako zikaja kwangu. Hutokea."

"Kwa hiyo ulizaliwa ukiwa na kaka yako ndani."

"Huenda."

"Basi na wewe lala hapo, tumtazame! Lwitiko baba, mpishe."

Tusekile hakuinuka. Aliitazama mikono yake. "Nilishalala hapo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Na niliiambia mashine ifagie."

Nje vibanda vya kamba viliendelea kupita. Tusekile aliwaza juu ya paka ambaye sasa aliweza kumpakata bila kupiga chafya, na juu ya bei aliyoilipa bila kuuliza. Alikuwa amemwonea wivu ndugu yake maisha yote, na kama alikuwa naye ndani ya damu yake mwenyewe, alimtoa pamoja na chembe za mama, akaandika kwamba jaribio limefaulu.

Mkono wa mama ukamfikia shavuni.

"Usilie. Wewe umetufukuza," alisema mama, na mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja, "lakini mimi sijamfukuza mtu. Ninao wote wawili. Mwambie huyo anayeuliza kwamba hapana. Mzime."

"Mama, bila kuwaondoa hao walinzi wako hawafundishiki; ikizimwa sasa watabaki vilevile. Hutaweza kwenda nyumbani. Nyuki mmoja tu..."

"Nilikuwa naenda kumtembelea nani, Tusekile?"

Tusekile akabonyeza kitufe cha kuzima. Mashine ikashukuru kwa adabu yake ileile na kuwarudisha watarishi wake mmoja mmoja.

"Nipe muda," alisema. "Nitaifundisha iwaache wageni wako. Sijui kama itawezekana. Labda mwaka, labda zaidi."

"Chukua. Ila hao si wageni." Mama aliketi, akashusha miguu, akauvuta mfuko wake wa safari na kuupakata. Hakuonekana kama mtu aliyenyimwa kitu. Kisha uso ukambadilika. "Na wale wengine? Akina mama waliolala hapa kabla yangu, nani aliwauliza?"

Lwitiko aligeuka akajifanya anafuta upinde wa mashine.

"Hakuna," alisema Tusekile.

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Utawaambia?"

Angeweza kusema kwamba walipona, kwamba wengi wao wangekuwa wamekufa, na yote hayo yangekuwa kweli. "Nitawaambia," akasema. "Leo tunaifunga kwa akina mama wote, mpaka ijifunze kuwauliza wenyewe. Na nitawapigia mwenyewe."

"Anza na waliozika," alisema mama.

Lwitiko akaifungua kumbukumbu ya kliniki, akatafuta, akamsomea jina la kwanza. Mwanamke wa Chunya, aliyetibiwa mzio wa dagaa, aliyewahi kuwaambia wauguzi kwamba alizaa na mtoto hakukaa. Tusekile akapiga. Simu iliita kidogo, kisha ikapokelewa na sauti changamfu, nyuma yake mafuta yakichemka kwenye kikaango.

"Dokta! Nipo hapa nakaanga dagaa wako! Habari za huko?"

Kwenye kumbukumbu mbele yake palikuwa na jina la cheti la mwanamke yule, refu, lisilosema lolote. Tusekile alimtazama mama yake aliyekaa ukingoni mwa kitanda na mfuko mapajani. Akayaacha maneno yote aliyokuwa ameyapanga.

"Nzuri," alisema. "Samahani, sikuwahi kukuuliza. Huko nyumbani wanakuita mama nani?"