Hakimu wa Darasa la Dengfeng

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini asikiaye kila la mkuu huvunjika mgongo, na mgongo haufungwi bandeji.

Kila Jumamosi, mama yake akishakwenda soko la Zhongda kuchagua vitambaa, Kauthar alifagia chumba, akanywa chai kwa mkate wa jana, kisha akashuka kwenda darasani. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma katika duka la mizigo la Bwana Tahir, mtaa wa Dengfeng mjini Guangzhou, China, katikati ya marobota. Hapo Mwalimu Jacinta aliwaandaa watoto wa wafanyabiashara kwa mtihani wa shule ya Kimarekani inayofundisha kwa mtandao. Kauthar alijua kwamba akishindwa atarudishwa Unguja kwa shangazi yake, na mama atabaki peke yake Guangzhou.

Mwezi ule walisoma mihimili mitatu ya serikali ya Marekani.

"Hapa dukani," mwalimu aliuliza, "anayefunga robota siye anayelipima, wala anayelipima siye anayelisafirisha. Kwa nini?"

"Tungeibiwa," alijibu Mélanie, binti wa Lubumbashi, na darasa likacheka.

"Haswa. Bunge linatunga sheria, Rais anaitekeleza, Mahakama inaitafsiri. Kila mmoja anamchunga mwenzake."

Akawagawia kazi. Dullah, mwana wa Bwana Tahir, akawa Rais. Kauthar akawa hakimu. Waliobaki wakawa Bunge, wakatunga sheria: kompyuta ya darasa, iliyonunuliwa na wazazi wote, itumiwe na kila mtu kwa zamu. Rais akaikataa, kama Katiba ya Marekani inavyomruhusu. Bunge likapiga kura tena, theluthi mbili zikapatikana, sheria ikasimama.

Ndipo Dullah akatoa amri yake. "Mélanie asiiguse. Kiswahili chake cha kuungaunga, atatuchelewesha."

"Na Kiingereza chako, mheshimiwa, kinakimbia wapi?" Mélanie alimjibu, lakini machozi yalikuwa yakimlenga. Akapeleka shauri kwa hakimu.

Kauthar hakufikiri sana. "Sheria inasema kila mtu. Amri ya Rais haiwezi kufuta sheria ya Bunge. Amri hii ni batili."

Jioni, Dullah alipomsimulia baba yake, Bwana Tahir alikitia kufuli chumba. "Hapa laoban ni mimi," alimwambia mwalimu, kwa neno la Kichina ambalo mtaa mzima humwitia bosi. "Mwanangu hafedheheshwi ndani ya duka langu. Yule hakimu wenu aombe radhi, ama mtafute pengine."

Wakatafuta. Mama Mwavita aliwapa kona katika mgahawa wake, kati ya jiko na magunia ya vitunguu. Kompyuta ilibaki nyuma ya kufuli. Wanafunzi wakaanza kupungua. Swalha, shoga yake Kauthar, alimpita njiani kama hamjui. Kauthar alisoma huku moshi ukimuwasha macho, na kila jaribio alifeli vibaya kuliko lililotangulia.

"Neno moja tu, mwanangu," mama alimsihi. "Samahani haichubui ulimi. Unataka tutenganishwe?"

Usiku Kauthar alilala ameukumbatia mkono wa mama.

Wazazi waliochangia kompyuta walimwandama Bwana Tahir hadi akachoka. Jumamosi moja akaingia mgahawani ameibeba, Dullah nyuma yake akitazama sakafu.

"Chombo chenu hiki," alisema, akiiweka mezani. "Chumba nacho kiko tayari. Ila kwanza nisikie radhi yangu."

Mama Kauthar alimfinya binti yake begani. Mwalimu Jacinta akasimama.

"Bwana Tahir, chumba ni chako, huwezi kulazimishwa kukitoa. Lakini hakimu akiomba radhi kwa kuhukumu sawasawa, kesho mnyonge ataogopa kumwendea. Watoto, hilo halimo kwenye mtihani, ila lishikeni: Mahakama inayomwogopa Rais ni kiti kitupu. Na haki ina gharama. Mmeshaanza kuilipa." Akamwelekea hakimu wake. "Kauthar, uamuzi ni wako. Sitakulaumu."

Jikoni mafuta yalichachatika. Kauthar alimtazama mama, kisha akamgeukia Bwana Tahir.

"Sikukosea, Ami," alisema. "Siombi radhi."