Kinasa Sauti Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi king'ora cha mgodi kilipolia, Ntumba alifagia uwanja, akaoga, akakimbilia shule yake mtaani Dilala, Kolwezi. Alikuwa darasa la tano. Juma hilo alikimbia zaidi, kwa sababu mwalimu wao, Mama Mianda, alikuwa akiwafundisha kutumia kinasa sauti alichokiazima parokiani.

"Utepe wa kaseti hii unashika sauti," aliwaeleza. "Kila siku mmoja wenu atakwenda na kinasa hiki nyumbani, atuletee sauti za kwao: mchi, bomba la maji, wimbo wa nyanya. Lakini kabla ya kubonyeza, ombeni ruhusa."

Zamu ya Ntumba ilipofika, hakuomba. Alitaka kuwashangaza watu. Baba yake, Tata Mulumba, karani wa kampuni, alikuwa karibu kuketi kunywa chai na jirani yao, Tata Kisimba. Ntumba alibonyeza, akaficha mashine kwenye meza ndogo chini ya kitambaa.

Tangu vita vya mwaka uliopita, watu wa Kolwezi walichunga ndimi zao, wakiogopa wapelelezi. Hata ndani ya nyumba, wawili hao waliongea polepole.

"Unga haupatikani," alinong'ona Tata Kisimba, "lakini magari ya bakubwa wa serikali hayakosi petroli."

Waliongea hivyo mpaka utepe ukaisha. Tak! Kitufe cha mashine kiliruka chenyewe.

Tata Mulumba aliinua kitambaa. Tata Kisimba alipoiona mashine, aliacha chai yake, akasimama.

"Mulumba, nyumba yako imeota masikio," alisema, akatoka bila kuaga.

Baba alimgeukia Ntumba. "Nani amekutuma?"

"Mama Mwalimu alisema tulete sauti za nyumbani."

"Sauti za nyumbani! Anazipeleka kwa nani? Ni yeye alikuambia ufiche?"

Ntumba aliogopa fimbo. Aliinamisha kichwa, akanyamaza. Kwa baba yake, kimya kile kilikuwa jibu.

Kesho yake Tata Mulumba alifika shuleni kabla ya masomo, mashine ikiwa ndani ya koti, Ntumba nyuma yake.

"Mama Mwalimu," alisema, "mutu huyu unayemkusanyia maneno yetu ni nani? Nimwambie mkurugenzi wa shule, ama utaniambia mwenyewe?"

Mama Mianda alishtuka. Hakuuliza kaseti ina maneno gani. Alimtazama Ntumba tu. Ntumba alijua kuwa akinyamaza tena, mwalimu anaweza kufukuzwa, au kupatwa na baya zaidi.

"Tata, ni mimi nilificha," alisema, machozi yakimtoka. "Mwalimu alisema tuombe ruhusa. Jana niliogopa kusema."

Tata Mulumba alimkazia macho mwalimu, kisha mwanawe. Bado hakuitoa mashine.

"Sitaigusa, Tata," alisema Mama Mianda. "Shika wewe. Rudisha utepe mwanzo, kisha bonyeza vitufe hivi viwili pamoja, nasi tutaimba. Sauti mpya inafuta ya zamani."

Basi Tata Mulumba aliketi kwenye benchi la watoto, magoti juu, mashine mapajani, darasa zima likiimba na kukariri hesabu mpaka utepe ukaisha. Aliurudisha akasikiliza wote, sikio karibu na kipaza sauti. Zilisikika sauti za watoto tu.

"Unisamehe, mama," alisema.

"Hata mimi ningeshuku," mwalimu alijibu.

Jioni Ntumba na baba yake walikwenda kwa Tata Kisimba. Aliufungua mlango kidogo, akatazama kwanza mikono ya Ntumba, kisha mifuko yake. Ntumba alimweleza yote, bila kupunguza neno.



"Mwanangu," alisema Tata Kisimba, "mashine haina kosa. Inashika inachopewa. Lakini sauti ya mutu ni yake. Usiichukue bila kumuomba. Na ukikosa, sema mapema. Ukinyamaza, woga wa watu utasema mahali pako."

Akaufungua mlango wote. "Muingie."