Mahindi Miguuni pa Korongo

Likizo ya mwezi wa sita, jua halikumkuta Shamimu kitandani. Alfajiri alipanda dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya mpunga wa baba yake, bondeni Zombo, akapiga debe na kuwafukuza kwelea kwelea:

"Hoo, ndege, hoo! Hapa tuko macho!
Nendeni kwa jirani aliyefumba macho!"

Hakuna jirani aliyeudhika, maana kila mwamia ndege wa bonde lile aliimba hivyohivyo.

Lakini mwaka huo shingoni mwa Shamimu ilining'inia kamera ya klabu ya mazingira. Mwalimu Generoza aliahidi kwamba mwanafunzi atakayepiga picha bora ya ndege wa porini atapelekwa kutembelea hifadhi ya Mikumi. "Mfuateni ndege alipo," alionya. "Msimwite mlipo ninyi."

Shamimu alichagua korongo wenye taji, ndege warefu waliotembea kwa madaha kinamasini, ng'ambo ya mpunga. Alizama topeni hadi magotini, korongo wakaruka. Alijificha kwenye matete, hawakusogea karibu. Alex, mwanafunzi mwenzake, alipoziona picha hizo za mbali alicheka hadi akakaa chini.

"Shamimu, hawa korongo au chawa? Basi nenda Mikumi ukawaonyeshe watu chawa!"

Kejeli ile ilimchoma. Kesho yake alichota mahindi ghalani, akayamwaga ukingoni mwa kinamasi. Korongo wakala. Kila siku aliyamwaga karibu zaidi, mpaka ndege wanne wakawa wanamngoja chini ya dungu kama kuku. Picha akaipata: taji la manyoya ya dhahabu, shavu jeupe, jicho linalomtazama bila hofu.

"Ulimfikiaje?" aliuliza Mwalimu Generoza, akishangaa.

"Kwa uvumilivu, mwalimu," alijibu Shamimu, wala ulimi haukumtetemeka.

Baada ya hapo aliacha kumwaga mahindi. Korongo hawakuacha kuja. Kando ya mpunga ule, mjane aitwaye Bibi Selestina alikuwa amepanda mahindi yake ya bondeni. Ndege walipochoka kungoja, walivuka mpaka wa shamba, wakafukua mbegu, shimo kwa shimo. Bibi akapanda upya. Wakafukua tena.

Asubuhi moja Shamimu alisikia korongo akilia bila kukoma. Alikimbia. Watatu walikuwa wamelala shambani mwa Bibi Selestina, mabawa wazi, mataji yamelowa umande. Wa nne aliwazunguka akiwaita. Bibi alikuwa ameloweka mbegu katika sumu ya wadudu.

Watu wakajaa. Mtendaji wa kijiji alikunja uso. "Bibi, hawa ni nyara za serikali. Itabidi twende polisi Kilosa."

"Roho mbaya!" mtu akazomea.

"Nimeolewa hapa nikiwa msichana," alisema Bibi. "Korongo hawakuwahi kugusa shamba langu. Mwaka huu wameletwa na nini? Niambieni! Mbegu ya pili niliitoa kwenye chakula changu, nikalala njaa!"

Jibu lilikuwa limening'inia shingoni mwa Shamimu. Akinyamaza, Mikumi ni yake, na Bibi ataondoka na mtendaji. Akavua kamera, akampa Mwalimu Generoza aliyekuwa miongoni mwa watu.

"Mwalimu, ikuze ile picha. Tazama miguuni."

Mwalimu akaikuza. Miguuni pa korongo zilionekana punje za mahindi, njano, zimetapakaa.

"Niliwaita mimi," Shamimu alisema. "Nilikudanganya."

Hata Alex hakucheka. Mzee Hussein, baba yake Shamimu, aliinamisha kichwa. Bibi Selestina akasogea, na Shamimu akafumba macho akingoja kofi. Halikuja.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "wewe uliwafundisha kuja, mimi nikawafundisha kufa. Mzigo huu ni wetu wawili."

Mtendaji aliichukua ile sumu. "Taarifa nitaipeleka," alisema, "lakini sasa itakuwa na ukweli wote."

Ndege walizikwa kwenye shimo refu ili mbwa wasiwale. Mzee Hussein akampa Bibi mbegu nyingine. Picha ikafutwa. Aliyekwenda Mikumi ni Alex, na picha yake ya mwewe juu ya nguzo ya umeme.

Shamimu alipewa kazi ya kuamia shamba la Bibi mpaka mbegu ziote. Siku ya kwanza tu, korongo aliyebaki alirudi peke yake. Alimwendea Shamimu moja kwa moja, kama mtu amwendeaye rafiki. Shamimu akapiga debe. Ndege akasimama, akamtazama. Akapiga tena kwa nguvu, machozi yakimtiririka, mpaka korongo akapaa, akavuka mpunga, akawa nukta kinamasini. Safari hii Shamimu hakuimba habari za jirani.

Mwalimu Generoza, aliyekuwa amekuja kumtazama, alimshika bega. "Ukimpenda ndege wa porini, mwache akuogope. Na picha uliyoipata kwa uongo, hata ikipendeza vipi, nje yake kuna anayeumia."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Bado," alisema Bibi Selestina, akiokota debe na kumrudishia mkononi. "Kesho atarudi. Njoo mapema."